Neno, Hadhira na Haki ya Kujibu: Kashfa katika Fasihi Simulizi na Mahakama za Migori na Homa Bay

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi simulizi hufundishwa mapema kwamba neno linalotamkwa haliwezi kutenganishwa na fanani wake, hadhira yake, mahali na wakati wa kutamkwa kwake. Mahakama inayosikiliza kesi ya kashfa hulazimika kufuata njia hiyohiyo. Mtu anapodai kwamba jina lake limeharibiwa kwa maneno, hakimu hutaka kujua ni nani aliyesema, alisema nini hasa, alisema mbele ya nani, na waliomsikia walielewa nini. Hayo ni maswali ya mhakiki, ingawa jibu lake huishia katika fidia na gharama za kesi.

Makala haya yanachunguza uhusiano huo kwa kurejelea kaunti za Migori na Homa Bay, magharibi mwa Kenya. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 maeneo haya yalikuwa chini ya wilaya moja ya Nyanza Kusini, na hadi leo yanachangia ziwa, masoko na simulizi. Dholuo ndiyo lugha kuu. Kikuria huzungumzwa mashariki mwa Migori. Kisuba kina masalio yake Mfangano na Rusinga. Kiswahili hutumika sokoni, katika ofisi za serikali na katika mahakama za chini. Katika mazingira kama haya, maneno yanayomvunjia mtu heshima aghalabu hayaandikwi. Husemwa matangani, sokoni, barazani kwa chifu, au ufukoni wakati samaki wanapoteremshwa. Kwa hiyo kashfa ya eneo hili ni suala la fasihi simulizi kabla haijawa suala la sheria.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba sheria iliyoandikwa huitafuta kashfa katika uongo wa neno, ilhali fasihi ya eneo hili huitafuta zaidi katika kitendo cha kumfunga mtu mdomo, yaani kumtangaza mbele ya watu bila kumwachia nafasi ya kujibu. Kila upande una upungufu ambao upande wa pili unaweza kuufidia. Atakayeumia pale pande hizi mbili zinaposhindwa kuelewana ni yule asiye na ngoma wala wakili.

2.0 Msamiati wa Kuharibu Jina

Ni vyema kuanza na lugha zenyewe. Katika Kiswahili, neno kashfa limekuja kutumika kisheria kama mwavuli wa makosa yote ya kumvunjia mtu heshima. Lakini chini ya mwavuli huo wazungumzaji wamehifadhi tofauti ambazo sheria haizitaji. Kusingizia na kuzulia ni kumbandika mtu jambo ambalo hakulitenda. Kusengenya ni kumsema mtu asipokuwapo, na jambo linalosemwa huenda likawa la kweli kabisa. Kufitini ni kupeleka maneno kwa makusudi ya kuwagombanisha watu. Kupiga kijembe ni kumsema mtu akiwapo, kwa lugha ya kuzunguka, ili asikie na ashindwe kulalamika. Maadili ya Kiislamu, ambayo yameathiri sana msamiati huu, hutenga vilevile baina ya kumsema mtu kwa jambo la kweli analolichukia na kumsema kwa jambo la uongo, yaani buhutani. Yote mawili ni makosa, ingawa la pili ni zito zaidi.

Dholuo nayo ina mgawanyo wake. Kuoth ni umbea na masengenyo; ayany ni tusi la waziwazi; ketho nying ni kuliharibu jina. Usemi huu wa mwisho unalingana na wa Kiswahili hata katika taswira yake: lugha zote mbili hulichukulia jina kuwa kitu kinachoweza kuharibika kama chakula au chombo. Jambo la kuzingatia ni kwamba hakuna hata moja ya lugha hizi inayoufanya uongo kuwa sharti la kila kosa la ulimi. Msengenyaji hawezi kujitetea mbele ya wazee kwa kusema tu kwamba alichokisema ni kweli. Ataulizwa kwa nini alikisema, na alikisema wapi.

Sheria ya Kashfa ya Kenya, yaani Sura ya 36, pamoja na kanuni zilizorithiwa kutoka Uingereza, hugawa kosa hili kwa msingi tofauti. Mgawanyo wake mkuu ni baina ya kashfa ya maandishi na kashfa ya kutamkwa. Aliyekashifiwa kwa maandishi hahitaji kuthibitisha kwamba alipata hasara ya mali. Aliyekashifiwa kwa mdomo anatakiwa, kwa kawaida, kuionyesha hasara hiyo, isipokuwa katika hali maalumu, kama vile anapotuhumiwa kwa kosa la jinai lenye adhabu ya kifungo au anaposemwa vibaya kuhusiana na kazi yake. Kifungu kilichoongezwa mwaka 1992 kiliweka pia viwango vya chini vya fidia, shilingi 1,000,000 iwapo tuhuma inahusu kosa la kunyongwa na shilingi 400,000 iwapo inahusu kosa la kifungo cha miaka 3 au zaidi. Viwango hivyo viliwekewa kashfa ya maandishi.

Kwa mtaalamu wa fasihi simulizi, mgawanyo huu unashangaza. Unachukulia kwamba maandishi hudumu na maneno hupeperuka. Huenda ikawa hivyo katika jiji ambamo majirani hawajuani. Katika kijiji cha Ndhiwa au Uriri, gazeti la jana hufungia sukari, lakini neno lililotamkwa kaburini hukumbukwa na wajukuu. Jamii ambayo imetunza kwa mdomo nasaba za ukoo, sifa za mashujaa na visa vya uhamiaji haiwezi kudhaniwa kuwa itasahau tusi. Sheria imeupanga utamkaji chini ya uandishi, na kwa kufanya hivyo imeirudia, bila kujua, dharau ileile ambayo wataalamu wa fasihi simulizi wamekuwa wakipambana nayo vyuoni tangu miaka ya 1960.

3.0 Nyamgondho: Ukweli Usiokinga

Simulizi inayofaa zaidi kuchunguzwa kuhusiana na suala hili ni ile ya Nyamgondho mwana wa Ombare, inayohusishwa na Nyandiwa katika pwani ya Gwassi, Kaunti ya Homa Bay. Masimulizi hutofautiana katika mambo madogo, lakini kiini chake kinafahamika. Nyamgondho alikuwa mvuvi maskini. Siku moja mtego wake ulimnasa mwanamke mzee, asiye na sura ya kuvutia. Alimchukua akawa mkewe, na tangu siku hiyo ng'ombe, mbuzi na kondoo wakajaa bomani. Utajiri ukamlevya kama pombe ilivyomlevya. Usiku mmoja alirudi amelewa, akakuta lango limefungwa, akapaza sauti na kumtukana mwanamke yule, akimkumbusha mahali alikomtoa. Mwanamke hakujibu. Aliondoka kuelekea ziwani, na mifugo yote ikamfuata majini. Nyamgondho alibaki amesimama ufukoni akiegemea fimbo yake, na inasimuliwa kwamba aligeuka mti palepale. Hadi leo wenyeji huwaonyesha wageni alama juu ya mawe, ambazo husemwa kuwa ni nyayo za mifugo hiyo.

Simulizi hii huchukuliwa mara nyingi kuwa onyo dhidi ya ulevi na kutoshukuru. Usomaji huo ni sahihi, ila haujitoshelezi. Haugusi swali la msingi, ambalo ni aina ya neno lililomponza Nyamgondho. Neno lenyewe halikuwa la uongo. Mwanamke yule kwa hakika alitolewa ziwani; kwa hakika alikuwa mzee. Lau kesi hii ingefikishwa mbele ya mahakama ya leo, wakili wa Nyamgondho angesimama na kutoa utetezi mmoja tu, kwamba kilichosemwa ni kweli. Katika sheria ya kashfa, ukweli ni kinga kamili. Mdai angeshindwa na pengine angeamriwa alipe gharama.

Simulizi inatoa hukumu iliyo kinyume kabisa, na inafaa kuchunguzwa inavyoifikia. Kwanza, inaitilia mkazo hadhira. Nyamgondho hakumwambia mkewe neno lile kwa siri ndani ya nyumba. Alilipaza langoni, mahali ambapo wake wengine, watoto na watumishi wangesikia. Sheria nayo inalijua sharti hili, kwamba neno halijawa kashfa mpaka limfikie mtu wa tatu. Pili, inatilia mkazo uhusiano. Msemaji ndiye aliyefaidika na historia ileile anayoitumia kama tusi. Tatu, na hili ndilo jambo kuu, inaonyesha kwamba mtukanwa hana jibu. Angejibu nini? Akikana asili yake atakuwa mwongo. Akiikubali atakuwa amejitukana. Tusi la kweli lina ukatili huu kwamba humfunga mtu kwa historia yake mwenyewe. Kwa sababu hiyo mwanamke hanyanyui ulimi. Anajibu kwa miguu yake.

Fidia anayoichukua ina mantiki ya kisheria isiyo ya kawaida. Hachukui zaidi ya kilichokuja naye. Kama jina lake si kitu ila takataka iliyotolewa majini, basi vyote vilivyopatikana kwa ajili ya jina hilo navyo virudi majini. Msimuliaji wa Gwassi ameeleza kwa taswira moja kile ambacho mahakimu hukitafuta kwa kurasa nyingi wanapokadiria fidia, yaani thamani ya heshima ya mtu katika maisha ya wale waliomzunguka.

Simulizi ya Simbi Nyaima, iliyo maarufu karibu na Kendu Bay na ambayo Grace Ogot aliipa jina lake kitabu chake cha Dholuo cha mwaka 1983, ina muundo unaokaribiana na huu. Humo pia mwanamke mzee anadharauliwa na waliokusanyika kwa starehe, na kijiji kinazama. Kurudiarudia kwa muundo huu katika ufuko uleule kunaonyesha kwamba jamii ilikuwa imekwisha kutambua ni nani aliye rahisi kuvunjiwa heshima. Ni mwanamke, mzee, asiye na ndugu wa kumsemea.

4.0 Ruhusa ya Mwimbaji

Haifai kudhani kwamba jamii hii ilikataza kila neno kali. Kinyume chake, iliyatengea maneno makali nafasi rasmi. Wanawake katika nyimbo za dodo husifu na hukejeli. Mpiga nyatiti huwataja watu kwa majina matangani na katika sherehe, akiwapandisha na kuwashusha. Katika pakruok, msikilizaji hulipa, husimamisha muziki, kisha hujisifu yeye na watu wake, na hapo huweza kumrushia mpinzani kijembe. Mpinzani naye akiguswa hutoa pesa, husimamisha muziki na kujibu.

Muundo huu una kanuni tatu. Kila mtu anajua kwamba mchezo umeanza na kwamba kutiwa chumvi ni sehemu ya mchezo. Anayesemwa yupo, au ana watu wake walio tayari kumtetea. Na nafasi ya kujibu imo ndani ya utanzu wenyewe. Sheria ina kitu kinachofanana na hiki. Maneno yanayosemwa bungeni au wakati wa kesi mahakamani yana kinga; mengine yana kinga yenye masharti, ambayo hupotea ikithibitika kwamba msemaji alikuwa na nia mbaya; na maoni ya haki kuhusu jambo la umma huruhusiwa. Katika pande zote mbili ruhusa ni ya jukwaa. Haimfuati msemaji aendako. Mbunge akirudia nje ya bunge yale aliyoyasema ndani anaweza kushtakiwa. Mwimbaji naye anayechukua kijembe cha usiku wa matanga na kukirudia sokoni asubuhi, mbele ya watu wasiojua mchezo ulivyokuwa, amekwisha kutoka katika utanzu.

Muziki wa benga ulilipanua jukwaa hili kwa kuliingiza katika santuri na redio. Mfano mashuhuri ni D. O. Misiani, aliyezaliwa karibu na Shirati upande wa Tanzania, mwendo mfupi kutoka mpaka wa Migori, na aliyeongoza bendi ya Shirati Jazz hadi alipofariki katika ajali ya barabarani mwaka 2006. Misiani alijulikana kwa kuwasema wakubwa wa siasa kwa mafumbo, akiwatumia wanyama na visa vya kale, na alipata kukamatwa na dola kwa sababu ya nyimbo zake. Fumbo la namna hii lina nguvu mahakamani pia. Mdai katika kesi ya kashfa sharti athibitishe kwamba maneno yanamhusu yeye. Kiongozi akisimama kudai kwamba fisi wa wimboni ni yeye, amemkamilishia mwimbaji kazi yake. Wahenga walikwisha kusema kwamba fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Sheria humtaka mwerevu huyo aligangue hadharani, kwa gharama yake mwenyewe.

Kanuni za Taratibu za Kesi za Madai za mwaka 2010 zinalitambua jambo hili katika Agizo la 2, kanuni ya 7. Mdai anayesema kwamba maneno yalitumika kwa maana iliyofichika, tofauti na maana yake ya kawaida, anatakiwa kueleza mambo yanayoithibitisha maana hiyo. Hili ni zoezi la uhakiki kwa kila kipimo. Linahitaji ujuzi wa utanzu, wa mazingira na wa hadhira. Mhakiki wa taarabu anayeeleza kwa nini ubeti unaoonekana kuzungumzia kuku ni tusi kwa mke mwenza anafanya kazi ileile.

Hata hivyo, ukumbi wa kimapokeo usipambwe kupita kiasi. Pakruok huhitaji pesa. Anayejibu ni yule aliye na cha kutoa. Maskini aliyeguswa na kijembe hubaki kimya huku wengine wakicheka, kama vile maskini aliyekashifiwa hubaki nje ya mahakama kwa kukosa ada. Nafasi ya kujibu ilikuwako, lakini haikuwa ya wote.

5.0 Haki ya Kujibu katika Fasihi Andishi

Waandishi wa Afrika Mashariki wamelishughulikia suala hili kwa namna inayosaidia kuieleza hoja. Katika Kusadikika ya Shaaban Robert (1951), Karama anashtakiwa na waziri Majivuno kwa kutaka kuanzisha mafunzo ya sheria nchini. Wahakiki wengi wameisoma kazi hiyo kuwa istiara ya ukoloni. Ikisomwa kama hadithi ya kashfa, kinachojitokeza ni muundo wake. Kitabu karibu chote ni jibu. Karama anapewa siku 6, na kila siku anasimulia habari za mjumbe mmoja aliyetumwa na nchi, akarudi na mema, akalipwa kifungo. Hasemi sana juu ya nafsi yake. Anajitakasa kwa kuwatakasa waliotangulia, ambao walihukumiwa bila kusikilizwa. Baraza linalomsikiliza mshtakiwa kwa siku 6 ndilo muujiza wa hadithi hiyo, zaidi ya nchi inayoelea angani.

Okot p'Bitek, aliyefanya kazi Kisumu mwishoni mwa miaka ya 1960, anatoa mfano wa pili. Wer pa Lawino, ambao wasomaji wa Kiswahili wanaujua kama Wimbo wa Lawino, umejengwa juu ya malalamiko ya mke anayetukanwa na mumewe pamoja na ukoo wake mzima. Mengi anayosemwa Lawino ni ya kweli kwa maana ya juujuu. Hajui kusoma, hafuati saa. Kama ilivyokuwa kwa mke wa Nyamgondho, tusi limejengwa kwa ukweli. Tofauti ni kwamba Lawino hakwenda ziwani. Aliuchukua utanzu wa wimbo, akawaita ndugu zake kuwa hadhira, akajibu. Na mwaka 1970 mwandishi akampa mume naye wimbo wake. Fasihi imetimiza hapa kile kinachokosekana katika kashfa, kwamba aliyesemwa naye aseme.

6.0 Jajuok Mbele ya Hakimu

Suala hili hufikia ukali wake katika neno moja la Dholuo, jajuok. Neno hili lina maana pana. Linaweza kumtaja mtu anayesemekana kukimbia uchi usiku, kugonga milango ya watu na kurusha mchanga juu ya mabati. Huyo huogopwa, lakini pia huchekwa, na visa vyake husimuliwa kwa utani. Linaweza pia kumtaja mtu anayedhaniwa kuua kwa nguvu za giza. Dholuo ina majina mengine yaliyo mahususi zaidi, kama janawi na jandagla, na jasihoho kwa mwenye jicho baya. Katika mazungumzo, sauti ya msemaji, mahali na wakati ndivyo vinavyoamua ni jajuok yupi anayekusudiwa. Marafiki wanaweza kuitana hivyo wakicheka. Mbele ya jeneza la mtoto, neno hilohilo ni hukumu ya kifo.

Kwa mujibu wa Sheria ya Taratibu za Kesi za Madai, lugha ya mahakama za chini ni Kiingereza au Kiswahili, na ya Mahakama Kuu ni Kiingereza. Hivyo neno jajuok likitamkwa matangani huko Karachuonyo, mkalimani wa mahakama hulifanya kuwa mchawi, na kutoka hapo linaingia katika kumbukumbu kwa Kiingereza. Kiswahili mchawi hakimjui mkimbiaji wa usiku wa utani; mchawi ni mwuaji. Tafsiri hiyo inaweza kulifanya neno zito zaidi ya lilivyokusudiwa, na mdaiwa akaonewa. Inaweza pia kufanya kinyume. Lililosemwa kwa mafumbo ya maombolezo, bila kutaja jajuok hata mara moja, likitafsiriwa neno kwa neno huonekana halina ubaya wowote, na mdai akaondoka mikono mitupu. Kanuni ya zamani ya sheria hutaka maneno yanayolalamikiwa yaandikwe kwanza katika lugha yaliyotamkwa, kisha tafsiri ifuate. Kwa mtazamo wa fasihi simulizi, kanuni hiyo ndiyo yenye hekima kubwa kuliko zote. Ila haitoshi. Maneno bila mandhari ni nusu ya matini.

Gharama ya kukosea si ndogo. Mwezi Mei 2008, katika wilaya jirani ya Kisii, watu 11, wengi wao wazee, waliuawa kwa kuchomwa moto kwa tuhuma za uchawi. Sheria ya Uchawi, Sura ya 67, yenye chimbuko katika sheria ya kikoloni ya mwaka 1925, ilifanya kuwa kosa la jinai kumtuhumu mtu kwa uchawi, isipokuwa tuhuma ikipelekwa kwa mwenye mamlaka kama vile chifu au polisi. Katika sheria hiyo kuna nia njema, lakini mwanya wake umewekwa mahali pabaya, kwa kuwa baraza la chifu ni hadhira miongoni mwa hadhira kubwa za kijiji.

Ni hapa ambapo ubora wa mahakama dhidi ya desturi unapaswa kukiriwa wazi. Kijijini, anayeitwa jajuok ndiye anayetakiwa kujitakasa. Akikana, huambiwa kwamba hakuna jajuok aliyewahi kukiri. Akinyamaza, amekubali. Akihama, amekimbia. Mahakamani mzigo unageuzwa. Neno la kukashifu huchukuliwa kuwa la uongo mpaka aliyelisema athibitishe kwamba ni kweli, na hakuna awezaye kuleta ushahidi wa uchawi utakaosimama mbele ya hakimu. Kwa mjane wa Rongo au Oyugis ambaye nyumba yake imeanza kunyoshewa kidole, kanuni hiyo ya uthibitisho inaweza kuwa ngao kuliko simulizi zote za ziwani. Simulizi ya Nyamgondho ilimwadhibu mtukanaji kwa muujiza, na mjane huyo hana mifugo ya kuingia nayo majini.

Hata hivyo ngao hiyo ina matundu. Kesi ya kashfa sharti ifunguliwe ndani ya miezi 12, ilhali makosa mengine ya madai yamepewa miaka 3. Matanga, kurithi ardhi na ugomvi wa ukoo huchukua muda mrefu zaidi ya huo kabla mtu hajathubutu kumshtaki shemeji yake. Tarehe 6 Februari 2017 Mahakama Kuu mjini Nairobi, katika kesi ya Jacqueline Okuta na mwenzake dhidi ya Mwanasheria Mkuu, ilitangaza kwamba kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu, kilichoifanya kashfa kuwa jinai, kinapingana na Katiba. Uamuzi huo ulikuwa ushindi kwa wanahabari, waandishi na waimbaji, kwa kuwa kifungu hicho kilimwezesha mwenye nguvu kumfunga anayemkosoa. Kwa upande wa pili, aliyekashifiwa aliachiwa njia ya madai, ambayo humhitaji awe na ada, wakili na muda. Ibara ya 33 ya Katiba ya 2010 inasema kwamba anayetumia uhuru wa kujieleza ataheshimu haki na sifa za wengine. Usawa huo umeandikwa vizuri. Ugumu uko katika kuufikisha mtaani.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba sheria na fasihi ya Migori na Homa Bay hulitazama neno la kuvunja heshima kwa vigezo viwili. Sheria huuliza kama neno ni kweli, na humpa msemaji mzigo wa kulithibitisha. Fasihi huuliza kama neno lilisemwa katika ukumbi unaoliruhusu, na kama aliyesemwa aliweza kujibu. Kigezo cha kwanza humlinda aliyezuliwa jambo ambalo haliwezi kuthibitishwa. Kigezo cha pili humlinda aliyedhalilishwa kwa jambo la kweli, na vilevile humlinda mwimbaji ambaye kijembe chake kingeonekana kosa kikitolewa jukwaani na kuwekwa katika hati ya madai.

Kutokana na hayo, yapo mambo matatu yanayostahili kuzingatiwa. La kwanza ni kwamba kumbukumbu za kesi za kashfa za mahakama za eneo hili zinafaa kusomwa na watafiti wa fasihi simulizi kama hazina ya matini, kwa sharti la kuficha majina ya wahusika wa kawaida. La pili ni kwamba mahakama inayokabiliwa na maneno ya matangani au ya nyatiti inahitaji kuelezwa utanzu, na si kupewa tafsiri ya maneno peke yake. Mtaalamu wa fasihi anaweza kuwa shahidi kama anavyokuwa mtaalamu wa mwandiko. La tatu linahusu kuomba radhi. Ibara ya 159 ya Katiba inahimiza upatanisho na njia za kimapokeo za kutatua migogoro, alimradi zisivunje haki za msingi. Radhi ya maandishi inayotumwa kwa wakili haiwezi kulitibu neno lililotamkwa mbele ya waombolezaji 300. Neno lililoharibu jina kaburini lingefaa kufutwa mbele ya hadhira ileile, kwa lugha ileile, na aliyesemwa apewe nafasi ya kuzungumza wa mwisho.

Heri kujikwaa guu kuliko kujikwaa ulimi, ndivyo isemwavyo, kwa maana kwamba anayeumia ni mwenye ulimi. Ushahidi uliotolewa hapa unaonyesha kwamba methali hiyo ni kweli zaidi katika simulizi kuliko katika maisha. Nyamgondho aligeuka mti. Wengi wanaowaita majirani zao majajuok hurudi nyumbani wakalala salama. Kazi ya uhakiki katika hali hiyo ni kuyasoma maneno hayo kwa makini yanayostahili, pamoja na ukumbi wake, hadhira yake na mtu aliyenyamazishwa nayo.